Kutembezwa Mji Mkongwe kwa mguu: nyota 4, ila ombeni mpitishwe mtaa wa Kiponda

Jamani mkienda Unguja msikimbilie ufukweni Nungwi moja kwa moja, chukueni mtembezaji awazungushe Mji Mkongwe kwa mguu. Sisi tulianzia Forodhani, ile bustani iliyotengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena 2009, tukapita mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la sultani lililoporomoka upande Desemba 2020, inauma kuliangalia kwa kweli, halafu jamaa akatuingiza duka la vinyago, tukitoka hili tunaingia lile, mpaka tukachoka. Hapo ndo nimekata nyota moja.

Utamu ulikuja tulipomwomba aachane na maduka atupitishe Kiponda wanakoishi watu. Chini fundi cherehani, juu familia, pembeni msikiti, mbele kidogo watoto wanatoka chuoni (madrasa), na sokoni Darajani unaenda kwa mguu na kurudi chai haijapoa. Nimemwona bibi ghorofani anashusha kikapu kwa kamba, muuza mboga akaweka mchicha na ndimu, akachukua hela yake humohumo, kikapu kikapanda. Sisi wa Mbezi, Dar, hata ukitaka mchicha unawaza bajaji!

Mtembezaji kumbe anaujua mji wake. Alituambia yale mabaraza ya mawe nje ya nyumba si ya kupigia stori tu, mvua ikijaza kichochoro watu wanapita juu yake. Akatuonyesha ukuta wa mawe uliopigwa plasta ya saruji, umevimba unameguka, maana saruji inafungia unyevu ndani, chokaa inauachia utoke.

Kinachonitia wasiwasi ni majumba kugeuzwa hoteli. UNESCO waliuingiza mji kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, sawa, na wageni wanaleta hela, lakini yule bibi akihamishwa muuza mboga atamwuzia nani? Mi naona ukarabati uanze na wapangaji waliomo, nyumba ikitengenezwa warudi humohumo kwa kodi wanayoiweza.

Nendeni baada ya alasiri jua likipungua, vaeni kwa heshima, watoto washikeni mkono maana vespa zinapita kasi vichochoroni, na picha za watu ombeni kwanza. Mtembezaji mwambieni mapema hamtaki maduka, mnataka Kiponda na mtaa wa Malindi, awamalizie kijiweni Jaws Corner kwa kahawa chungu na kashata.