TAHADHARI: "Shafti za feleji" za monsta wa rimoti zinazouzwa Nakuru na Kisumu

Wapenzi wa magari ya rimoti kuanzia Nakuru, Kericho na Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, msilipie lile tangazo la shafti (fimbo zinazopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu) linalozunguka kwenye WhatsApp na Facebook. Ni lile lenye picha ya shafti nne nyeusi juu ya kitambaa chekundu na maneno "feleji iliyokazwa, hazivunjiki, zinaingia Stampede, Slash, Maxx na X-Maxx", yaani aina za magari ya rimoti ya Traxxas. Bei yake ni ya kukufanya utume pesa kabla hujamaliza kusoma. Kinachofika si feleji, na gari lako litaumia.

Kama umetuma pesa leo, usiendelee kusoma kwanza. Sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe muamala urudishwe, kisha upige simu huduma kwa wateja uwaeleze. Huduma hiyo iliwekwa hasa kwa pesa zilizotumwa kimakosa, na mpokeaji anaweza kuipinga. Akishazitoa kwa wakala, hakuna kinachobaki cha kurudisha. Ndiyo maana nasema ufanye hivyo sasa hivi.

Jina la muuzaji siliandiki. Ameshatumia zaidi ya moja, na laini za simu anabadilisha vilevile. Mkikariri jina moja atawapita na jingine. Mshikeni kwa bidhaa yake na kwa namna anavyofanya biashara, maana hivyo viwili havijabadilika.

Ukimwambia uko Kisumu, duka lake liko Nakuru. Ukiwa Nakuru, duka limehamia Kondele, Kisumu. Ukisema una ndugu huko Kondele anayeweza kupita kuangalia, mara stoo imefungwa, mara mzigo uko njiani. Nambari ya till hana. Anataka utume kwa nambari ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha si lile alilojitambulisha nalo. Ukiuliza, anasema ni la mke wake au la mhasibu. Ukimwomba apige picha ya shafti ikiwa juu ya mizani au kando ya rula, anakurudishia picha ileile ya kitambaa chekundu na kukuambia zimebaki seti mbili. Mzigo huja kweli, kwa basi la usiku, ndani ya pakiti safi yenye maandishi ya kuvutia. Hapo ndipo watu wengi hutulia wakidhani wameuziwa kitu cha haki. Shafti zikivunjika na ukimwandikia, jibu ni lile moja kwa kila mtu: "Uliweka betri ya 3S, hilo ni kosa lako." (3S ni betri ya seli tatu, yenye nguvu zaidi ya 2S ya seli mbili.) Halafu anakufungia.

Sasa niseme kilichomo ndani ya pakiti, kwa sababu magari yenye shafti hizi yanaletwa kwangu kutengenezwa na nimezikata baadhi kwa msumeno. Mwili wa shafti ni alumini laini iliyopakwa rangi nyeusi ili ifanane na chuma kilichokazwa. Ukikwaruza rangi, weupe unatokea palepale. Pini inayopita kwenye kiungo ni chuma kweli, na hilo ndilo linaloharibu zaidi: pini ngumu ndani ya tundu la alumini laini huchimba kila unapokanyaga mafuta na kila unaporudi nyuma. Kwenye gari la kijana mmoja wa Kakamega, Stampede 4x4, tundu lilikuwa limerefuka kama punje ya mchele. Pini ikachomoka, ikaingia kati ya mkono wa saspensheni na gurudumu, mkono ukakatika. Aliyekusudia kuimarisha shafti akaishia kununua na mkono.

Wengine watasema alumini nayo ni nzuri, mbona ndege zinaundwa nayo. Ni nzuri, inapochaguliwa aina inayofaa na kuwekwa mahali pake. Shafti ya monsta si mahali pa alumini laini. Fikirini kazi inayofanya. Magurudumu ya monsta ni makubwa na mazito kuliko ya gari la kawaida la ukubwa huo. Ukiruka huku umeshikilia mafuta, magurudumu yanazunguka hewani bila kizuizi, kisha yanagusa ardhi na kushikwa kwa ghafla. Mota bado inasukuma na ardhi inakataa, na shafti ndiyo inayopokea ugomvi huo wote kwa kusokotwa. Toka betri ya 2S ya volti 7.4 uende 3S ya volti 11.1, na mota inazunguka kwa kasi zaidi kwa nusu nzima. X-Maxx yenyewe huendeshwa kwa betri mbili za 4S, jumla volti 29.6, na ina uzito wa zaidi ya kilo 8. Yeyote anayekuambia shafti moja inatosha X-Maxx na Stampede pia, mwache hapohapo. Haziwezi kutoshea hata kwa urefu.

Na urefu si jambo dogo. Shafti ikizidi kidogo tu, saspensheni ikibonyea inasukuma vikombe vya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) kwa ndani na kuua beringi. Ikipungua, gari likiwa hewani na magurudumu yakining'inia, inachomoka kwenye kikombe. Slash na Stampede zinafanana machoni na nyingi ya sehemu zao zinabadilishana, lakini upana wa saspensheni unaweza kutofautiana kati ya toleo na toleo. Pima shafti yako mwenyewe, katikati ya pini hadi katikati ya pini, kisha udai kipimo hicho kutoka kwa muuzaji kwa milimita. Muuzaji wa kweli anakijua au atakwenda kupima.

Kabla ya kulipa, kutana naye mahali pa wazi mchana, na uende na sumaku, tupa na gari lako. Alumini haishikwi na sumaku hata kidogo. Shafti isiposhikwa mwilini, ukizungusha sumaku kuanzia kiungo hadi kiungo na si kwenye pini tu, hiyo si feleji iliyokazwa ya kazi hii. Niseme wazi kwamba zipo aina za chuma kisichoshika kutu ambazo sumaku huzishika kwa udhaifu au haizishiki, ila nazo ni laini, kwa hiyo zikatae vilevile. Kushikwa na sumaku peke yake hakutoshi pia, kwani msumari wa kawaida nao hushikwa. Ndiyo maana ya tupa. Ipitishe taratibu mahali pasipoonekana, karibu na kiungo. Chuma kilichokazwa hukataa: tupa inateleza na kutoa mlio mkavu, haiachi ila alama hafifu. Chuma laini kinakatika na kutoa unga unaong'aa. Muuzaji akikataa tupa iguse bidhaa yake anayosema haivunjiki, mshukuru na uondoke.

Kama huna tupa, ipo mizani ya sonara au hata ya jikoni. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Shika shafti yake mkono mmoja na boliti nene ya chuma mkono mwingine. Kwa wenye mikono iliyozoea spana, tofauti inajitangaza yenyewe.

Tazameni na skrubu ndogo inayobana pini. Kwenye shafti hizi za bandia tundu la funguo ya heksi limechongwa vibaya, linazunguka tupu mara ya pili au ya tatu unapokaza. Hata kwenye shafti halali, skrubu hiyo inahitaji gundi ya kuzuia kulegea, ile ya bluu inayofunguka kwa nguvu ya mkono. Wengi wanairuka, kisha wanalaumu shafti pini inapopotea kwenye nyasi.

Kuna uongo mwingine wa tangazo hilo unaoniudhi kuliko hata alumini. Anasema ukifunga shafti zake "hautavunja kitu tena". Hata zingekuwa feleji safi kabisa, hiyo si kweli, na anayewauzia vijana maneno hayo anawapeleka kwenye hasara. Nguvu ya kutua kwa gari haipotei. Ikishindwa kuvunja shafti inahamia kwenye meno ya difu, au kwenye vikombe, au kwenye gia kubwa ya mota. Shafti ya plastiki ya Stampede hufanya kazi ya fyuzi: inakatika yenyewe, unabadilisha kwa pesa kidogo, difu inabaki salama. Ukitia shafti ngumu, lazima uangalie klachi ya kuteleza isikazwe mpaka mwisho, uwe na difu iliyopangwa vizuri kwa shimu (vipete vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia), na ujifunze kuachia mafuta kabla magurudumu hayajagusa chini. Kwa anayeendesha kwa 2S kwenye uwanja wa majani, maoni yangu ni abaki na plastiki na aweke akiba ya pea moja. Shafti za feleji ni za anayetumia 3S kwenda juu, anayeruka, au aliyeweka magurudumu makubwa zaidi.

Huku kwetu kuna na jambo la udongo. Vumbi la Nakuru, lile jepesi la majivu ya volkano, linaingia kwenye shafti za plastiki zinazoteleza moja ndani ya nyingine na kuzisaga kimyakimya hadi zinacheza. Udongo mweusi wa Kano nao ukishika kwenye kiungo na kukauka, kiungo hakipindi tena vizuri. Hiyo ni sababu halali ya kutaka viungo vya aina ya CV (vinavyozunguka kwa kasi sawa hata vikipinda) vyenye mpira wa kuzuia uchafu, na ndiyo sababu muuzaji huyu amepata soko. Haja ya watu ni ya kweli, bidhaa ndiyo ya uongo.

Shafti halali zipo. Traxxas wenyewe, kampuni ya Texas, wanauza shafti za CV za feleji kwa aina zao nyingi. MIP wa California wana seti za X-Duty, na Tekno RC nao wanajulikana kwa shafti zao. Zote zinatoka nje, kwa hiyo juu ya bei ya huko kuna usafiri na ushuru. Linganisha: fungua ukurasa wa mtengenezaji, ona bei ya seti moja Marekani, ibadilishe kuwa shilingi. Yule wa kitambaa chekundu anauza chini ya bei hiyo, mzigo ukiwa umeshavuka bahari. Hakuna njia ya halali inayofikisha bei hapo.

Kwa mliokwisha kuumizwa: msitupe chochote. Hifadhini pakiti, risiti ya basi, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote, pamoja na picha ya tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Nendeni kituo cha polisi mwandikishe na mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina ubora ambao haina, na "feleji" juu ya alumini ni hilo hasa. Kwa madai ya hadi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, Nakuru na Kisumu zote zinayo, na huhitaji wakili. Kiasi cha mtu mmoja kinaweza kuonekana kidogo, ndiyo maana nawasihi kila mmoja aandikishe lake. Malalamiko kumi yenye nambari zilezile za simu yana uzito mbele ya mpelelezi.

Mwenye seti ambayo hajaifunga, aipitishie sumaku leo kabla ya kupanda nayo uwanjani. Ikianguka mtihani, asiiuze kwa mwingine "kama ilivyo". Na yule kijana wa Kakamega bado amekwama: anahitaji mkono wa saspensheni na shafti ya nyuma kushoto ya Stampede 4x4, hata vya plastiki vilivyotumika. Mwenye navyo aniandikie, nauli ya kuvifikisha nitalipa mimi.