TAHADHARI: Mkienda San Pedro de Atacama mjihadhari na wakala huyu. Katula pesa na nusura atuulie Mama

Siku ya nne leo sijaandika kitu. Hasira ninazo, lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni aibu. Naandika sasa kwa sababu jana mwenzetu mmoja kaniambia naye anakwenda Chile mwezi wa nane, na nikinyamaza akaliwa, dhambi itakuwa yangu. Mambo ya viza na ya mdogo wangu kukosa likizo mpaka dakika ya mwisho mnayajua, sirudii.

Tulishuka Calama Jumatatu, mimi, Mama na mdogo wangu, tukapanda gari saa moja na nusu hivi mpaka San Pedro. Ni mji mdogo wa nyumba za udongo katikati ya jangwa, kama mita 2,400 juu ya bahari. Mtaa mkubwa unaitwa Caracoles, na karibu kila mlango ni wakala wa ziara. Mama safari nzima alikuwa na haja moja. Mnaikumbuka ile video aliyotumiwa WhatsApp, watu wanatembea juu ya maji, mawingu juu na mawingu chini? Tangu Ramadhani anaitaja. "Mwanangu, nisimame pale mara moja tu, inanitosha."

Basi saa kumi na mbili jioni tunapita Caracoles, baridi imeanza kuuma. Kila mlango mtu anatuita, wengine wanatushika mikono. Huyu hakuita, na hilo ndilo lililonivuta. Kakaa ndani na kikombe chake, alipomwona Mama kasimama kwenye kizingiti anahema, akainuka akampa kiti. Kiti kwanza, kabla hata hajatuuliza tunataka nini. Akamletea chai ya majani ya koka, akamwambia anywe kidogo kidogo, inasaidia huku juu. Akauliza umri wake. Akauliza kama ana presha. Nikasema anayo, anatumia dawa. Akachukua kalamu mbele yangu akaandika "oksijeni, señora," akapiga mstari chini yake mara mbili. Akasema chupa itakuwa nyuma ya kiti chake, haina malipo.

Ukutani pana picha kubwa. Ni ileile ya kwenye video: chumvi nyeupe, maji membamba juu yake, mbingu imelala chini. Mama akaweka kikombe, akaenda akaigusa kwa kiganja. Akaniambia, "Ndipo hapa." Yule mtu hajui Kiswahili neno moja, lakini aliuona uso wa Mama na akajua tayari kamkamata. Akamwangalia yeye, si mimi, akasema kwa Kihispania cha polepole, "Kesho saa sita mchana, mama yangu, utakuwa umesimama hapo." Nikamtafsiria. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, ndiye niliyempa Mama ule uongo.

Hatujanyanyuka akaingia mwanamke na mkoba mgongoni, mashavu mekundu kwa jua, akamkumbatia yule wakala. Eti ndiyo kwanza karudi, hajapata kuona ziara kama ile maishani mwake, asante, asante. Akatutazama, akasema, "Mko kwenye mikono salama."

Bei, 90,000 pesos kwa kichwa. Tukitoa taslimu, 75,000, kwa sababu mashine ya kadi inamkata. Ndani yake kila kitu: usafiri, mtembezaji, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, na tiketi zote za kuingilia. Tutakwenda Chaxa kuona flamingo, vijiji vya Toconao na Socaire, maziwa ya Miscanti na Miñiques, Piedras Rojas, kisha huko nyuma kwenye "kioo" chake, yaani pale pa kwenye picha. Nikamhesabia noti kumi na moja za elfu ishirini na moja ya elfu tano. 225,000, karibu dola 240. Alilowesha kidole gumba akazihesabu mara mbili. Risiti akaichana kwenye kidaftari, akapiga muhuri wa bluu wenye jua na mlima, wino umetapakaa hata herufi hazisomeki.

Mtaniuliza, wewe mtoto wa Malindi ya Unguja, uliyekua ukiwaona mapapasi, wale madalali wa watalii, wa Forodhani wanavyowafanya wageni, imekuwaje? Nimejiuliza hayo kila usiku. Miaka tisa niko Barcelona, Kihispania nakijua, kila neno nililielewa. Lakini papasi ninayemjua mimi anakufuata, anakuganda, anakupandishia na kukushushia bei njia nzima. Huyu alimpa mzee wangu kiti. Mimi nimelelewa kwamba anayemheshimu mama yako humfanyii dhana mbaya.

Asubuhi tuliambiwa saa kumi na mbili na nusu mlangoni kwa tulipofikia. Mwezi wa saba kule ni kipupwe, saa hizo bado giza totoro, maji ya ndoo ya uani yameganda. Tukasimama. Saa moja, hakuna. Napiga simu, haipokelewi. Saa mbili kasorobo ndipo basi dogo likaja, limejaa Wabrazili, dereva peke yake, mtembezaji hamna. Namuuliza chai ya asubuhi, ananitazama. Namuuliza oksijeni ya Mama, hana habari. Kwenye orodha yake sisi ni "watu 3", jina hata moja hakuna. Nikasema labda wamechanganya, tutaelewana huko mbele. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka.

Chaxa tulifika. Getini tiketi zetu hazipo, nikalipa tena mfukoni, nikijiambia nitarudishiwa jioni. Flamingo wapo, wameinamisha vichwa kwenye maji, na nyuma yao mlima Licancabur. Pazuri, siwadanganyi. Lakini uwanda wa chumvi wa Atacama si ule wa picha. Chumvi yake imechanganyika na vumbi, imekauka imevimba na kupasuka, ina makali kama mwamba wa matumbawe maji yakitoka. Mama akainama akaigusa, akaniambia taratibu, "Hii siyo." Nikamwonyesha dereva picha niliyokuwa nimeipiga pale ofisini. Yule baba akatikisa kichwa. Akasema, hapo ni Uyuni, dada, nchi nyingine, Bolivia. Ule ni uwanda wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, watu wanaotoka hapa kwenda kule huchukua siku tatu au nne. Na kioo kinatokea mvua zikinyesha, Januari mpaka Machi hivi. Sasa hivi hata Uyuni kwenyewe pamekauka.

Sikumtafsiria Mama. Nilishindwa.

Tukaendelea kupanda. Socaire iko juu ya mita 3,200, na maziwa yenyewe yako zaidi ya mita 4,000. Maziwa yale wanayasimamia wenyeji wa Socaire wenyewe, na tiketi zao ndizo zilizotukwamisha. Kijana wa ukaguzi akapitia karatasi. Wabrazili wote wanazo, walikata mapema kwa mtandao. Sisi hatuna, na nafasi za siku ile zimekwisha. Nikamtolea ile risiti ya muhuri wa bluu. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia bila neno. Watu kumi ndani ya basi wananitazama.

Dereva alieleza kwamba alilipwa viti vitatu tu, na kwa pesa kidogo, basi. Hawezi kuwazuia wenye tiketi. Tukashuka pale kijijini, akaahidi kutupitia akirudi. Alirudi, Mungu ambariki, simdai kitu.

Saa nne nzima tulikaa Socaire na upepo ule. Ndani ya nusu saa kichwa cha Mama kilianza kupasuka, akatapika, midomo ikabadilika rangi, vidole vyake baridi kama samaki wa barafuni. Ana miaka 67, maisha yake yote kakaa usawa wa bahari. Mdogo wangu analia, mimi nakimbia mlango hadi mlango natafuta oksijeni, ile "isiyo na malipo" iliyopigwa mistari miwili. Bibi mmoja mwenye mwiko mkononi akatuingiza jikoni kwake, akamlaza Mama karibu na moto, akamchemshia majani yao wanayaita rica-rica, akamshika mkono mpaka gari lilipokuja. Hakutaka pesa. Wanadamu wako pia.

Tulivyoshuka mpaka San Pedro kichwa kikaanza kumwachia. Nikaenda Caracoles moja kwa moja. Mlango umefungwa kwa kufuli. Simu yangu kaizuia. Na mlango wa tatu kutoka pale, nyuma ya meza, anauza ziara, kakaa yule mwanamke wa mkoba. Yuleyule wa "mko kwenye mikono salama". Aliponiona akainuka akaingia ndani, hakutoka tena.

Nikaenda kwa Carabineros, polisi wao. Afisa mstaarabu, kaniandikia, lakini akaniuliza RUT ya aliyeniuzia iko wapi. Hiyo ni namba ya mlipakodi, kila risiti halali ya Chile inayo. Yangu haina. Haina hata jina la kampuni. Ikabaki namshitaki jua na mlima.

Kwa hiyo dalili, nazitaja haraka maana nikizikumbuka nazidi kuumia. Risiti isiyo na RUT, usitoe pesa. Picha ya kioo ukutani na wewe unauziwa ziara ya siku moja, toka. Akikwambia tiketi zimo ndani ya bei, mwambie akuonyeshe tiketi zenyewe, zina jina lako, kabla hujalipa. Sernatur, ofisi ya serikali ya utalii, wana orodha ya waliosajiliwa, itazameni. Na mzee asipandishwe huko siku ya pili tu baada ya kufika. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Lakini yeye! Mimi pesa nimesamehe, wallahi, 225,000 azile. Kilichoniuma, alimuuliza mama yangu presha yake, akaandika, akapiga mistari, huku anajua kesho atampeleka juu bila chupa na bila tiketi. Huo si wizi wa kawaida. Mtu huyo afungwe. Mlango wake upigwe misumari na yule mwanamke wake afungwe naye. Alale usiku mmoja tu nje pale Socaire bila koti ajue. Malalamiko nimepeleka Sernac, wanaoshughulikia haki za mteja, na nitaandika kila siku mpaka mtu anijibu. Wenye jamaa Chile, nisaidieni, sitaki pesa, nataka asimame mbele ya hakimu.

Mama yuko salama, presha imeshuka. Jana nilimkuta kaifuta ile video. Nilimuuliza, akasema simu ilijaa.

Wewe unayekwenda mwezi wa nane, usitoe hata peso moja kabla hujanipigia. Nina picha ya risiti, ya mlango, na ya ukuta. Nipigie hata usiku.