Nimelipia programu ya kuzima waifai, inaniambia nizime mwenyewe

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Nachukua dagaa pale Kibirizi, Kigoma, na kuwauzia watu wa Tabora. Biashara yote iko WhatsApp. Asubuhi mitumbwi ikifika napiga video dagaa wakiwa bado wabichi, mteja anaona, anatuma hela, mzigo wake unaanikwa. Akikosa video mapema anampigia mwingine, maana ufukweni pale tuko wengi.

Sasa nyumbani Mwanga nina waifai, na naitegemea kwa sababu bando halikai. Tatizo ni nikitoka nayo ikiwa imewaka. Kuna gesti moja huko chini niliwahi kuunganishiwa waifai yao. Simu ikiisikia tu inaing'ang'ania, hata kama ni kimstari kimoja kisichopitisha kitu. Bando lipo, data imewashwa, lakini simu imeshikilia waifai ya watu na ujumbe hauendi.

Nikamweleza fundi simu mmoja wa Mwanga, neno kwa neno: nataka nikitoka nyumbani waifai ijizime, nikirudi ijiwashe. Akasema, "Dogo hilo, dada." Akanipakulia programu ya kupangia simu kazi, akanunua toleo la kulipia kwa hela yangu, akachukua na ya ufundi. Akaniambia niache "mahali" pamewashwa muda wote ili programu ijue nimeondoka. Chaji ikaanza kwenda mbio, nikavumilia.

Siku iliyoniudhi ni ile dagaa walipatikana wengi, baada ya mbalamwezi kupita. Nimesimama kwenye mchanga, ndoo miguuni, mteja wa Tabora ananisubiri. Natuma video, naona kisaa tu. Nasubiri, kisaa. Natazama juu ya simu, waifai ya gesti ile ile! Navuta chini nione programu yangu inafanya nini, nakuta imeniandikia: umeondoka nyumbani, gusa hapa uzime waifai.

Niguse? Mikono ina magamba na maji ya ziwa, nimelipa ili nisiguse, halafu inaniagiza mimi. Nilipofanikiwa kuizima na video ikaenda, jibu likaja: "Dada, nimeshachukua kwa mwingine."

Nilimfuata fundi siku hiyo hiyo. Alikuwa anabadilisha kioo cha mtu, hakuinua hata macho. "Dada, tangu Android 10 programu haziruhusiwi kuzima waifai. Hilo kila mtu analijua." Wateja wengine wakanigeukia. Kila mtu analijua, na yeye je, aliposhika hela yangu alikuwa halijui?

Na kweli ndivyo ilivyo, nimehakikisha. Android 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyofunga mlango. Programu iliyotengenezwa kufuata kanuni hizo inaweza kukufungulia tu kidirisha cha waifai, kidole kiwe chako. Waliotengeneza hii wameliandika jambo hilo kwenye maelezo yao, tena bila kuficha. Wana hata programu ndogo ya kusaidia, haipo Play Store, unaishusha kwao wenyewe ndipo ile kubwa ipate nguvu ya kuzima. Fundi hakuiweka wala hakuitaja.

Kwa hiyo labda nyota moja ni uonevu. Mdogo wangu ana simu ya zamani ya Android 9, tumeiweka humo humo, na inazima anapotoka getini, inawasha anaporudi, hana analogusa. Kwa simu kama yake ningetoa nne. Hata kwangu inazima mlio vizuri wakati wa ibada, sijawahi kuaibika.

Lakini nikikumbuka ile sauti, "kila mtu analijua", nyota zote zinanitoka mkononi. Mpwa wangu, mwanafunzi, alichukua simu, akafungua orodha ya waifai zilizohifadhiwa, akagusa ile ya gesti na kuzima "unganisha kiotomatiki". Basi. Simu haijaigusa gesti tena, nami nimezima mahali, chaji inafika jioni. Kitu cha bure, kilikuwa ndani ya simu muda wote, na mtu anayekaa na simu za watu kutwa nzima alikiruka akaniuzia kingine.

Anayetaka programu hii, kama simu yako ni Android 9 kushuka chini, nunua. Ukiwa na mpya zaidi, usilipe mpaka uione ikizima yenyewe mbele ya macho yako, fundi akiwa hajaigusa. Mimi hela ya ufundi naidai bado. Ananiambia nipite kesho, na kesho nitapita.