Mashine ya keki ya lita tano: mayai sawa, unga mgumu hapana

Mtu akiniuliza kama anunue hii mashine nyekundu ya kukorogea keki, ya lita tano, iliyojaa soko la Darajani hapa Unguja siku hizi, na mimi namuuliza: unapika nini? Kwa mkate wa mayai inastahili kila shilingi. Kwa unga wa chapati utalia.

Chapa siitaji kwa sababu haisaidii. Duka hili limebandika jina hili na la jirani lile, mwili ni mmoja na boksi ni moja, hata picha ya yule mama wa kizungu anayecheka ni ile ile. Muuzaji alianza na 240,000, tukavutana mpaka akaniachia kwa 190,000.

Nianze na sifa. Mkate wa mayai wa kwetu hautiwi hamira, unaumuka kwa hewa uliyoyapigia mayai. Zamani tulipiga kwa ule waya wa springi, mmoja akichoka anampokeza mwenzake, na hiliki zinasubiri. Sasa natia mayai manane na sukari, naweka spidi ya mwisho, naendelea na mambo mengine. Baada ya dakika kumi hivi rangi imetoka kwenye manjano inakaribia nyeupe, na ukiinua waya wa kupigia, ule mchanganyiko unateremka kama utepe, unakaa juu kidogo kabla haujazama. Hapo zima. Unga utie kwa mkono, na mwiko, ukitoa chini kuleta juu taratibu. Ukiiachia mashine kazi hiyo, hewa yote uliyoilipia umeme inatoka.

Inachofanya vizuri ni ule mzunguko. Utazame waya: unajizungusha wenyewe upande mmoja, na kichwa cha mashine kinautembeza ndani ya bakuli upande wa pili. Bakuli lenyewe limetulia, na hakuna pembe inayosahaulika. Akili hiyo ni ya zamani kuliko bibi yangu. Inatoka kwa Herbert Johnston, mhandisi wa kampuni ya Hobart huko Ohio, Marekani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 alimwona mwoka mikate akihangaika na unga kwa kijiko cha chuma, akaenda kutafuta dawa. Mwaka 1914 Hobart wakatoa dubwana la lita 75 hivi kwa ajili ya viwanda vya mikate, na jeshi la majini la Marekani likaziagiza kwa manowari zake. Ya nyumbani ikaja 1919, KitchenAid H-5, yenye uzito wa kilo 29 hivi na bei ya dola 189.50. Dola za wakati ule! Hata huko kwao ilikuwa ya wenye nazo.

Aliyeifikisha kwa watu wa kawaida ni Ivar Jepson, mzaliwa wa Sweden. Sunbeam Mixmaster yake iliingia sokoni 1930 kwa dola 18.25. Ila yeye alifuata njia nyingine, vipigio viwili vinavyozunguka vikipishana. Njia hiyo nayo ina wazee wake: tangu 1870 Turner Williams wa Providence, Marekani, alikuwa na hatimiliki ya kipigio cha mayai cha kuzungusha kwa mkono, chenye mapanga mawili yanayopishana. Zile mashine ndogo za kushika mkononi zinazouzwa hapa ni wajukuu wa ukoo huo. Kwa keki moja ya chai zinatosha kabisa, sema mkono unakufa ganzi.

Basi ukifika dukani utaimbiwa wati. Boksi langu limeandikwa 1500. Wati ni umeme unaokula. Nguvu hiyo haifiki kwenye bakuli mpaka ipite kwenye gia, na gia za hii ni za plastiki. Nilivalisha ndoano ya kukandia nikatia kilo moja ya unga wa chapati. Kichwa kikawa kinarukaruka, mashine ikaanza safari kuelekea ukingo wa meza, halafu ikaja ile harufu ya waya unaoungua ambayo kila mwenye feni ya zamani anaijua. Nikazima, nikamalizia kwa kukanda na mikono. Nusu kilo ya maandazi, unga ukiwa laini, inaweza kwa spidi ya pili, nayo uipumzishe katikati. Mkate wa ufuta usithubutu: ule uji mzito unapanda kwenye ndoano mpaka shingoni. Huo naupiga kwa kiganja, kama nilivyofundishwa na mama.

Kero nyingine ni pala la kukorogea. Halifiki chini. Ukisaga Blue Band na sukari, unabaki mduara wa siagi kwenye kitako cha bakuli, lazima usimamishe ukwangue na mwiko wa mpira. Nilinunua pala jingine duka la pili, la mashine inayofanana na hii kwa kila kitu, likakataa kuingia. Na huku vifaa vya kuchomeka mbele ya kichwa vya KitchenAid ya 1937, ile iliyochorwa na mbunifu Egmont Arens, bado vinavaa mashine zao za leo.

Kifuniko cha plastiki sina la kusema, unga unaruka vile vile. Mimi natupia kitambaa.

Anayeoka keki za oda na mikate ya mayai achukue. Mwenye genge la chapati aweke pesa yake atafute ya chuma, hata ya mtumba. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue boksi, avalishe pala, ateremshe kichwa, kisha upitishe kidole chini yake. Kidole kikipita kwa raha, omba akufungulie boksi jingine.