Steshenari ya Machomanne, Chake Chake: ukiwa na shida ya mtandao pita hapa

Steshenari ninayoisema iko Machomanne, Chake Chake. Ni chumba kimoja chenye mlango wa buluu, kompyuta mbili, mashine ya kopi na benchi la mbao. Jina halimo mlangoni. Ukiuliza steshenari ya dada wa kompyuta utaoneshwa. Mimi nafundisha kompyuta skuli ya sekondari, na kila msimu wa mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana waliomaliza kidato cha sita hunijia kuniuliza waende wapi kujaziwa fomu. Nawaelekeza hapa, tena nawasisitiza.

Wanaozungumzia serikali mtandao, yaani huduma za serikali zinazotolewa kwa mtandao, huzungumza kana kwamba mwananchi yuko peke yake na simu yake. Pemba mambo hayako hivyo. Mzee wa Kangagani au mama wa Kengeja anakutana na mtu wa kaunta, na mtu huyo ndiye anayeingia kwenye mfumo kwa niaba yake. Kwa hiyo ubora wa huduma nzima unategemea mikono ya mtu ambaye serikali haijamwajiri wala haijui kama yupo. Ndiyo maana duka kama hili linastahili kupimwa kwa makini, kama tunavyoipima hospitali au skuli.

Msimu uliopita nilikaa kwenye lile benchi namsubiri mwanafunzi wangu. Mbele yetu palikuwa na babu mmoja wa Ole aliyekuja na mjukuu wake amdhamini. Dada hakugusa kibodi. "Shikamoo babu. Nipe kwanza makaratasi yote," akamwambia. Akayapanga juu ya meza: cheti cha kuzaliwa cha kijana, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha babu cha NIDA na kile cha Mzanzibari Mkaazi. Akachukua rula, akaiweka chini ya kila jina na kusoma herufi moja moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamisi.

"Hapa pana neno, babu. Tukituma hivi litaturudia."

Akawaeleza waende kwa wakili kwanza wakaandikishe kiapo cha jina, akawaandikia kwenye karatasi majina yote mawili yalivyo ili wakili asikosee, na hakuwatoza kitu. Namba ya NIDA nayo ina njia yake ya kuikagua. Ni tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, basi yeye husoma hizo nane kwanza na kuzilinganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aliyekosea kunakili hugundulika papo hapo, fomu haijafunguliwa.

Asiyewahi kuomba mkopo huenda asielewe uzito wa jambo hili. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kwa Bara na RITA, kwa sisi na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Fomu ikishajazwa kuna kurasa za kuchapwa, zinakwenda kwa sheha, zinakwenda kwa wakili, kisha zinarudi kuskaniwa na kupakiwa upya. Herufi moja ikipishana, safari hiyo yote inaanza tena, na nauli ni ya mzazi.

Jambo la pili linalonifanya nimwamini ni neno la siri. Kijana hufunguliwa barua pepe yake mwenyewe, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Ikifika pahala pa neno la siri, dada humsogezea kibodi, hugeuza kiti na kutazama mlangoni mpaka aambiwe tayari. Kazi ikiisha, hufungua folda ya vilivyopakuliwa, hufuta vyeti na picha mwenyewe akiona, halafu humwaga na kapu la takataka la kompyuta.

Nalisema hili kwa uchungu. Binti mmoja niliyemsomesha alijaziwa ombi lake duka jingine, mji mwingine, kwa barua pepe na simu ya mwenye duka. Ulipofika wakati wa kurekebisha kasoro, msimbo wa kuingilia ukawa unakwenda kwa mtu ambaye keshahamia Unguja na simu hapokei. Muda wa marekebisho ukamalizika. Yule binti alikuwa na alama nzuri, na mwaka ule hakwenda chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini sijaona inafikishwa vipi kwenye kaunta za namna hii, na huko ndiko vyeti vya watoto wetu vinakolala ndani ya kompyuta za watu.

Mwaka 2003 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba katika miradi ya serikali mtandao ya nchi zinazoendelea, asilimia 35 ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilifaulu nusunusu, na asilimia 15 tu ndiyo iliyofanikiwa. Sababu kubwa aliyoieleza ni pengo kati ya mfumo ulivyochorwa na hali ya pale unapotumika. Lile benchi la Machomanne linakuonesha pengo hilo waziwazi: maswali kwa Kiingereza, mfumo unaokutoa nje kabla hujamaliza kujaza, picha inayokataliwa kwa sababu ni nzito. Dada ametengeneza karatasi yake ya maswali yote kwa Kiswahili. Unajaza kwa kalamu ukiwa umekaa, unamuuliza mwenzako, unampigia mama simu kukumbuka mwaka aliofariki babu, na mfumo unafunguliwa pale tu majibu yote yamekamilika. Karatasi ile ningependa waione wanaotengeneza mifumo yenyewe.

Bei zimebandikwa ukutani kwa kalamu nzito: kopi shilingi 100, kujaza ombi zima la mkopo pamoja na kufuatilia shilingi 5,000. Mtandao ukikataa hulipi. Ada ya serikali haipokei mkononi. Anakutolea namba ya malipo, unalipa mwenyewe kwa simu yako, na anasubiri nawe mpaka ujumbe uingie.

Kasoro zipo. Benchi liko karibu mno na meza, na kwa kuwa anasoma kila kitu kwa sauti ili mteja athibitishe, sote tuliokaa tunasikia tarehe za watu, namba zao na mambo yao ya nyumbani. Mama aliyekuja na karatasi za talaka alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Nimemshauri dada ageuze meza au atundike pazia, amesema atafanya, na nitamkumbusha. Na umeme ukikatika, mashine ya kopi haina betri, inabidi usubiri.

Kubwa zaidi halimo mikononi mwake. Rwanda wana Irembo, mfumo wa kuombea huduma za serikali mtandaoni, tangu 2015, na humo kuna mawakala wanaotambuliwa rasmi wanaomfanyia ombi asiyeweza kujifanyia. Kwetu dada huyu mfumo haumjui. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ingewapa watu kama yeye akaunti zao za uwakala, kila wanachokifanya kiandikwe kwa jina lao, na mwenye ombi apate ujumbe kwenye simu yake kila ombi linapoguswa. Mwizi angejulikana, na mwaminifu naye angejulikana. Naliomba hili kwa dhati, maana kila mwaka naona vijana wale wale wenye akili wakikwama kwenye mambo ya kaunta.

Hufungua saa mbili asubuhi. Adhuhuri husimama kwa sala na chakula. Ijumaa hufunga mapema na kurudi baada ya alasiri. Wiki ya mwisho ya dirisha la mikopo foleni hutoka nje, basi mtangulie. Chukueni vyeti halisi, picha ya simu haisomeki vizuri ikiskaniwa, na mdhamini aje mwenyewe na kadi yake.