Uzoefu wangu: baiskeli ya resi kwenye vilima vya Pemba

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Baiskeli ya resi inafaa Pemba, tena inafaa sana, lakini si kama inavyotoka dukani. Ukibadilisha gia za nyuma na tairi, njia ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, hadi Konde, kaskazini, ni raha tupu. Ukiipeleka ilivyo, vilima vingi utavipanda kwa miguu huku unaisukuma, na utarudi Unguja umeichukia bure.

Yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini, usukani wa kupinda chini, gia za Shimano, mbili mbele na nane nyuma. Tairi zilikuja nyembamba, za milimita 23. Niliinunua mjini Unguja kwa bei inayopita ya Phoenix mpya, na kwa muda mrefu niliiendesha barabara za huku kwetu: Fumba jioni, Paje na Jambiani siku za mapumziko. Kule kinachokulemea ni upepo tu. Muuzaji alinihakikishia kwamba gia zile zinatosha popote Zanzibar. Hazitoshi, na mtu anayeuza baiskeli visiwani alitakiwa alijue hilo kabla ya kulisema.

Pemba haina mlima wa kutisha. Kilima chake kirefu kabisa hakifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Shida ni kwamba vilima vyenyewe haviishi. Unatoka bandarini Mkoani na papo hapo unapanda, hata mwili haujapata moto. Ukifika juu unateremka hadi bondeni penye mpunga, unavuka daraja dogo, unaanza kupanda tena. Ndivyo inavyokwenda mpaka Mtambile, na ndivyo inavyokwenda kutoka Mtambile mpaka Chake Chake. Ni kiasi cha kilomita 30 ambazo hazina kipande kirefu cha tambarare cha kupumzishia mapaja. Mtu wa Unguja akitazama ramani atasema hiyo ni saa moja na ushei. Aongeze nusu ya hapo, na asione haya.

Sasa gia, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Baiskeli yangu ilikuja na sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ndogo ya mbele yenye meno 34 na sproketi kubwa kabisa ya nyuma yenye meno 25. Maana yake, kila ukizungusha pedeli mzunguko mmoja, baiskeli inakwenda karibu mita 2.9. Mahali pa tambarare hiyo ni gia nyepesi, hata huikumbuki. Kwenye mwinuko wa Pemba, na begi mgongoni, mita 2.9 kwa mzunguko ni nzito. Unasimama juu ya pedeli, unauvuta usukani, magoti yanalalamika, na ukifika juu huna pumzi ya kuitikia salamu ya watu walioko barazani. Mara moja si kitu. Ukirudia hivyo asubuhi nzima, unamalizika.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Wete, mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe. Nilimwamkia, nikamwegeshea baiskeli. Aliizungusha pedeli kwa mkono, akazihesabu sproketi za nyuma kwa ncha ya bisibisi, akatikisa kichwa.

"Hii imetengenezwa kwa watu wa tambarare, mwanangu. Niachie mpaka alasiri."

Alichofanya kinawezekana kwa fundi yeyote anayejua kazi yake, kwa hiyo nakieleza. Gia za Shimano za sproketi nane nyuma zinakubali kuchanganywa: vishikio vya gia vya baiskeli ya resi vinafanya kazi sawasawa na sproketi za baiskeli ya mlimani, na ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni nao unaingiliana. Baiskeli za mlimani za mtumba zimejaa visiwani, nyengine fremu imekatika lakini gia ni nzima. Alichukua kutoka kwenye moja ya hizo sproketi za meno 11 hadi 32, pamoja na mkono wake mrefu, maana ule mfupi wa resi hauwezi kuikaza cheni kwenye sproketi kubwa hivyo. Kisha akafunga cheni mpya ndefu zaidi kidogo. Hesabu ikawa 34 mbele kwa 32 nyuma, kiasi cha mita 2.2 kwa mzunguko. Karibu robo ya uzito imeondoka. Vilima vilevile navipanda nimekaa kitako, polepole, napumua, na nikisalimiwa naitika.

Kama una mpango wa kununua, basi, uliza kwanza nyuma kuna sproketi ngapi na kubwa kabisa ina meno mangapi. Wepesi wa fremu na jina lililoandikwa ubavuni ni mambo ya baadaye. Ukipata ya nane au tisa nyuma, mchanganyiko huu unakubali. Za kumi kwenda juu usikimbilie, vipuri vyake ni taabu kuvipata, na si kila kitu chake kinaingiliana.

Breki zinataka maneno yake. Panapopandwa panateremkwa, na Pemba miteremko inaishia bondeni, pale pale maji ya mvua yanapoteremsha udongo mwekundu na mchanga juu ya lami. Breki zangu ni zile za raba zinazobana rimu. Kukiwa kukavu sina neno nazo. Rimu ikirowa, zinachelewa kushika, na udongo ukiingia kati ya raba na rimu unasikia kabisa mkwaruzo wa chuma kikiliwa. Baada ya msimu mmoja wa mvua rimu yangu ya nyuma ina mfereji unaoupata kwa ukucha. Punguza mwendo juu, kabla mteremko haujakuchukua, usingoje kona. Jioni kila unapofika zitoe raba, zifute, zing'oe vichembe vilivyojichoma ndani.

Kuna sababu nyengine ya kuteremka kwa adabu, nayo ni karafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliifyeka mikarafuu ya Unguja na kwa kiasi kikubwa ikaiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Msimu wake ukifika, majamvi yanaanikwa kandokando ya barabara na mara nyengine yanaingia kwenye lami yenyewe. Unatokeza kwenye kona, upande mmoja gari ya abiria, upande mwengine jamvi la karafuu zinazoanza kugeuka rangi. Ukizikanyaga umemkanyagia mtu fedha zake, na wewe mwenyewe unateleza. Simama. Watu watakushukuru, na pengine utaitwa unywe chai.

Tairi za milimita 23 nilizitoa nikatia za 28, ndizo pana zaidi zinazoingia kwenye fremu yangu bila kugusa breki. Tofauti ni kubwa. Zinamezea viraka vya lami, hazizami haraka kwenye mchanga, na pancha zimepungua sana. Jambo moja dogo linaloweza kukulaza njiani: tyubu nyingi za resi zina nozeli nyembamba yenye kijinati cha kufungua juu, na pampu ya mafundi wa vijijini, ile ya bodaboda, haiingii. Nunua kile kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya nozeli kuigeuza iwe ya kawaida. Bei yake ni ndogo mno. Mie ninavyo viwili, kimoja kimekaa kwenye nozeli moja kwa moja.

Botini hakuna mengi ya kusema. Baiskeli inapokewa kama mzigo na inalipiwa. Ilaze au iegeshe upande usio na cheni, na ikiwezekana ifunge mwenyewe. Safari moja wachukuzi waliiangushia magunia upande wa gia, na mkono mpya ukapinda nikiwa hata sijauendesha kipande cha maana. Fundi aliunyoosha, lakini gia ya mwisho haijawa sawa tena mpaka leo.

Ambapo baiskeli hii imenishinda ni baada ya Konde. Njia ya kuingia Msitu wa Ngezi kuelekea Kigomasha niliikuta ya udongo, yenye mashimo na vipande vya mchanga mtupu. Pamoja na tairi za 28 nilishuka mara kwa mara. Msitu wenyewe ni mzuri kiasi kwamba kutembea si adhabu: kivuli kizito, baridi inayokupanda kwenye mikono iliyorowa jasho, na kimya ambacho barabara kuu haina. Lakini nasema kweli, kwa Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha kodi baiskeli ya mlimani yenye tairi pana, au iache ya resi Konde upande bodaboda.

Mengine kwa haraka. Kiti kilichokuja nayo ni kigumu, nimebadilisha. Nguo, vaa suruali nyepesi inayopita magoti. Vile vikaptura vya kubana si vya kuingia navyo kijijini Pemba, na hakuna atakayekwambia usoni, ila utaona nyuso. Ijumaa usipange kufika mjini adhuhuri ukitaraji kupata fundi au chakula, maana watu wako msikitini. Maji beba ya kutosha, ingawa madafu yapo njiani. Ukifika Wete tafuta halua, kipande kidogo kinakupandisha vilima viwili vitatu bila kuhisi njaa.

Wakati ninaoupenda mie ni wa kusi, masika ikishaisha na njia zimekauka. Upepo wa kusini unakusukuma mgongoni kutoka Mkoani kwenda Konde, na wakati wa kurudi mabonde na miti vinakukinga, tofauti na ile adhabu ya barabara ya Paje. Toka mara baada ya alfajiri. Jua likiwa kali uwe umeshaingia Chake, na ile harufu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoka kiwanda cha Wawi ikikupata, jua mji umefika.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya breki. Baiskeli itakayofuata nitanunua yenye breki za diski, na fremu inayokubali tairi za milimita 35, ili njia ya Ngezi nayo niipite nimekaa kitako.