Sahani ya udongo ya maji ya ndege, nimeitumia miezi minne sasa

Jamani kama una kauwanja hata kadogo na unapenda ndege, nunua hii kitu. Naongelea ile sahani pana ya udongo wa kufinyanga, wanauza wale wauza maua wa barabarani, mi yangu nilichukua njia ya Nyegezi elfu nane. Wenyewe wanaiuza ya kukalishia chungu cha maua ila mi nimeijaza maji nikaiweka juu ya jiwe hapo nje, si mnajua Mwanza yetu kila nyumba ina jiwe lake.

Siku tatu hakuja hata mmoja. Ya nne asubuhi wakaja tetere wawili, afu chiriku, na wiki ya pili aisee nasikia makelele nachungulia dirishani naona kasuku wadogo watano, wale wa Fischer, kijani mgongoni uso wa chungwa mdomo mwekundu na kile kiduara cheupe kuzunguka jicho, mmoja kaingia majini kabisa anapiga mbawa matone yanaruka mpaka kwenye kioo. Hawa kwao ni huku huku kusini mwa ziwa, huko Ulaya watu wanawafuga kwenye vizimba, mi nawaona wako huru na chai yangu mkononi!

Kabla ya hapo nilikuwa na kibakuli cha plastiki cha kuning'iniza cha kuwekea mtama, jua likakipasua na mtama wakala panya. Udongo una mkwaruzo ndege hatelezi, na kina ni kama vidole vitatu tu, maana ndege wadogo wanaogopa maji marefu.

Kasoro ipo. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa haijaiva vizuri kwenye moto, najaza asubuhi mchana jiwe limelowa sahani tupu, na muuzaji akakataa kunibadilishia, iliniuma sana. Kwahiyo ukienda igonge na kidole, iliyoiva inalia kama kengele, ambayo bado sauti inakufa hapo hapo.

Maji badilisha kila siku, zikizidi mbili tatu unafuga mbu, na wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi wanaangukia humo mpaka maji yanakuwa meusi, sugua na brashi usiweke sabuni. Na usiiweke karibu na kichaka, paka anajificha hapo. Ukipata yenye upana wa sinia la pilau chukua hiyo, kwenye ndogo tetere akishaingia wengine wote wanasubiri juu ya waya.